Boila la Kuni Nyumbani Dar es Salaam: Kulitengeneza, Kulifunga na Kuliwasha kwa Usalama

Nyumba yenye mzazi anayekandwa, bibi mwenye miguu inayouma, watoto wa kuogeshwa kabla ya basi la shule na wapangaji wawili uani inaanza kula maji ya moto tangu adhana ya alfajiri. Ukitegemea hita ya umeme, LUKU inakimbia. Kupasha lita 200 kutoka nyuzi 27, ambazo ni joto la kawaida la maji ya bomba hapa Dar, hadi nyuzi 60, kunakula karibu uniti nane. Kazi hiyohiyo inafanywa na kilo nne za kuni zilizokauka sawasawa, ikiwa boila lako linanasa nusu ya joto lake. Na ukiyachanganya maji hayo na ya baridi mpaka nyuzi 40 za kuogea, lita 200 zinakuwa karibu 500, yaani ndoo kubwa zaidi ya ishirini.

Boila ninalolieleza hapa ni dogo. Fundi mzuri wa kuchomelea wa Gerezani, au wa mtaani kwako, analiweza. Linafungwa na tenki la lita 200 na linafanya kazi bila pampu wala umeme. Linafaa nyumba yenye uwanja: Goba, Mbezi, Chanika, Kigamboni. Kama mmebanana na jirani mpaka dirisha lake linatazama ukuta wako, usilijenge, kwa sababu moshi wa dakika za kuwashia utamwingia chumbani. Hapo hita ya jua juu ya paa ndiyo jibu. Kwa kupikia, gesi bado inashinda, na serikali imeshazikataza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku kupikia kuni na mkaa. Kwa hiyo mwenye shule au hosteli asianzie hapa.

Moto kwanza, maji baadaye

Ukuni ukipata joto unatoa gesi, na sehemu kubwa ya mwali unaouona ni gesi hiyo ikiungua. Ili iungue yote inataka hewa, nafasi, na joto la zaidi ya nyuzi 600. Pipa la maji lililowekwa juu ya moto linaharibu hilo la mwisho. Mwali unagusa chuma chenye maji ya baridi nyuma yake, unapoa, unakatika kabla haujamaliza, na gesi iliyobaki inageuka moshi, masizi na lami nyeusi inayonata kwenye dohani. Kuni umezinunua, joto limekwenda angani. Mafiga matatu yana ugonjwa huohuo, ndiyo maana yanapeleka kwenye sufuria asilimia 10 hadi 15 tu ya joto la kuni.

Boila la kisasa linatenganisha kazi mbili. Moto unaungua ndani ya chumba cha matofali, ambako kila kitu ni cha moto sana na hakuna maji karibu. Ukishamaliza kuungua, hewa yake ya moto ndiyo inayopita kwenye maji na kuacha joto. Haya mengine yote, mabomba na valvu na dohani, yanaitumikia kanuni hiyo. Fundi akikuambia azungushe maji kwenye chumba cha moto "ili yachemke haraka", mkatalie.

Utakutana na picha za maboila ya Ujerumani na Austria yenye feni, kompyuta na matenki ya lita elfu moja na zaidi. Yametengenezwa kupasha nyumba nzima wakati wa baridi. Sisi tunataka maji ya kuogea tu, na kilowati tano zinazoingia kwenye maji zinatosha: lita 200 zinakuwa tayari kwa saa moja na nusu hivi.

Mahali pa kuliweka

Liweke nje, chini ya kibanda cha bati kilicho wazi pande zake. Usiliweke jikoni, stoo wala gereji. Moto wa kuni unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Mwaga zege la unene wa sentimita 10, liinuke kidogo kuliko ardhi ili maji ya masika yasilale chini ya boila.

Kisha fikiria upepo. Miezi ya kaskazi unatoka upande mmoja, miezi ya kusi unatoka upande mwingine, na dohani yako itaishi na pande zote mbili. Simama pale unapotaka kujenga, uangalie madirisha ya vyumba vya kulala, ya kwako na ya jirani, yako wapi kwa kila upepo. Kama una banda la makuti karibu, ama banda lihame, ama boila. Cheche moja inatosha.

Mwili wa boila, kutoka chini kwenda juu

Chini kabisa ni mdomo wa mraba wa sentimita 15 kwa 15, uliogawanywa na kipande cha bati nene. Kuni zinalala juu yake, hewa inaingia chini yake. Mdomo unafikia kwenye chumba cha moto, njia ya wima ya upana uleule na urefu wa sentimita 60, iliyojengwa kwa matofali yanayostahimili moto. Nje ya matofali jaza sufi ya mawe (rockwool), au majivu makavu yaliyochekechwa, unene wa sentimita saba au nane, halafu funika kwa bati. Bila hilo joto linavuja pembeni na moto haufiki kwenye nyuzi unazozitaka.

Juu yake linakaa pipa la maji: chuma cha milimita 4, kipenyo sentimita 30, urefu sentimita 60. Ndani yake mabomba tisa ya inchi mbili yanapita wima kutoka chini hadi juu, hewa ya moto ikipita ndani ya mabomba na maji yakiyazunguka. Idadi hiyo ina sababu. Ukijumlisha matundu ya mabomba tisa unapata eneo linalokaribia sana tundu la dohani ya sentimita 15, kwa hiyo moshi haubanwi popote. Ukipunguza mabomba moto utakohoa kurudi mdomoni. Tumia mabomba meusi ya chuma, siyo yaliyopakwa zinki, kwa sababu zinki ikichomelewa inatoa moshi unaompa fundi homa.

Juu ya pipa funga kofia ya chuma kwa bolti. Kwa bolti, usikubali ichomelewe. Utaifungua kila mara kupitisha brashi, na iliyochomelewa haifunguki. Pipa liwe na matoleo matano: la maji ya moto juu kabisa, la maji yanayorudi karibu na chini, la kumwagia maji mahali pa chini kuliko pote, la kipimajoto, na la valvu ya usalama inayofunguka kwa shinikizo lisilozidi baa 3.

Kabla boila halijapakiwa kwenye bajaji ya mizigo, lipimwe palepale kwa fundi. Jaza maji mpaka hewa yote itoke, ziba matoleo yote, kisha pandisha shinikizo kwa pampu ya mkono mpaka baa 4.5 na subiri nusu saa. Pitisha kidole kavu kwenye kila mshono. Tone moja tu, mshono unakatwa na kuchomelewa upya. Usikubali kupima kwa hewa ya kompresa: maji yaliyobanwa yakipata upenyo yanatiririka, hewa iliyobanwa inalipua.

Mabomba, na lile lisilofungwa kamwe

Hapa ndipo nyumba nyingi zinapokosea, kwa hiyo tutulie.

Maji ya kwenye boila na maji ya kuogea yasichanganyike. Visima vingi vya ukanda wetu wa pwani vina chumvi, na maji hayo yakipashwa kila siku yanaacha magaga kwenye mabomba na kula mishono. Weka basi maji ya boila yawe yaleyale siku zote. Yanapanda kutoka kwenye pipa, yanaingia kwenye koili ya shaba ya inchi moja, mita kumi hivi, iliyolala ndani ya tenki la lita 200, yanaacha joto, yanarudi chini. Kwa kuwa hayabadilishwi, hewa iliyomo inaisha na kutu inapungua sana. Maji ya kuogea yanaingia kwenye tenki kutoka kwenye simtanki ya juu, yanapata joto kwa kugusa koili, yanakwenda bafuni. Pale shaba inapokutana na chuma weka kiungo cha brasi katikati, vinginevyo chuma kitaliwa.

Mzunguko huu unajiendesha kwa sababu maji ya moto ni mepesi na yanapanda, ya baridi ni mazito na yanashuka. Ili ufanye kazi, tenki likae juu kuliko boila, kitako chake angalau sentimita 30 juu ya pipa. Meza yake iwe ya zege au chuma kizito, maana likijaa litafika kilo 250. Mabomba yote mawili yawe ya inchi moja. La kwenda lipande moja kwa moja bila kushuka hata kidogo njiani, la kurudi lishuke bila kupanda. Mahali popote bomba linapojikunja kama mgongo wa ngamia, hewa itajikusanya hapo na mzunguko utasimama. Fundi bomba wetu wamezoea pampu, kwa hiyo simama naye mkiwa na pimamaji, kile kipimo cha usawa, mita kwa mita.

Juu kuliko vyote weka kindoo cha chuma cha lita 20 chenye boya na kifuniko. Bomba la robo tatu linashuka kutoka kwenye kindoo hadi kwenye bomba la kurudi, kulijazia boila. Kutoka mahali pa juu kabisa pa bomba la kwenda panda bomba jingine, la inchi moja, lipite juu ya kindoo na kujikunja kuelekea ndani yake. Hilo ndilo bomba la kupumulia. Maji yakipata moto yanavimba: lita 200 zikitoka nyuzi 27 kufika nyuzi 95 zinaongezeka kwa lita saba, na hazina pa kwenda kama umezifungia. Yakigeuka mvuke, lita moja inataka nafasi ya zaidi ya lita 1,600. Tenki la kuogea nalo liwe na bomba lake la kupumulia, lipande juu kuliko simtanki.

Siku ya kufunga, fundi wangu aliliangalia bomba lile likiwa wazi juu ya kindoo, akatoa koki mfukoni. "Mama, tukiweka hii hapa maji hayatatapikwa, paa lako litabaki safi." Nikamwambia, "Hapana fundi, bomba hilo halivai koki hata siku moja. Paa nitapaka rangi." Alikuwa na nia njema, na hilo ndilo la kuogopa. Mtu yeyote mwenye nia njema, baada ya miaka miwili, akiona bomba linadondosha maji anaweza kuliziba. Paka bomba la kupumulia rangi nyekundu na uandike juu yake: USIZIBE.

Mita mbili za kwanza kutoka kwenye boila ziwe za chuma. Baada ya tenki unaweza kutumia bomba la plastiki la PPR la maji ya moto. Bomba la PVC la maji baridi lisiguse mfumo huu popote.

Dohani

Kipenyo sentimita 15, urefu usiopungua mita nne kutoka kwenye mdomo wa moto, na ncha yake ipite juu ya paa lolote lililo karibu kwa nusu mita au zaidi. Mita ya kwanza iwe ya chuma cha milimita 2 au 3. Bati la kuezekea halimalizi hata masika mawili pale chini. Inapopita karibu na mbao za paa iache sentimita 45. Juu weka kofia ya mvua na wavu wa kuzuia cheche, matundu yake upana wa sentimita moja. Yakiwa madogo zaidi yataziba kwa masizi.

Kuni

Boila zuri lenye kuni mbichi ni boila bovu. Kilo ya kuni kavu ina karibu kilowati-saa nne, na ya kuni mbichi ni nusu yake, kwa sababu joto linatumika kukausha maji yake kabla halijafika kwenye maji yako.

Pasua kuni ziwe nene kama kifundo cha mkono, urefu wa sentimita 35. Zipange kwenye papi za mbao au matofali, zisiguse ardhi maana mchwa wa Dar hawasubiri mwaliko, chini ya bati, pande zikiwa wazi upepo upite. Ukipanga mwezi wa sita, kusi ikivuma, kufikia vuli unazo. Za kupangwa mwezi wa tatu zitakutana na masika, zipe miezi sita. Kuthibitisha, weka alama kwenye ukuni mmoja wa katikati ya rundo na uupime kwenye mizani ya jikoni kila Jumapili. Uzito ukikataa kushuka kwa wiki tatu mfululizo, rundo limekauka. Ngozi za kuni zikibambuka na ncha zikipasuka kama nyota, hiyo nayo ni dalili, ila mizani haidanganyi.

Mkorosho uliopogolewa, mwembe, mvinje na mkaratusi vyote vinafaa. Mafundi seremala wa Keko wana mabaki ya mbao ngumu yaliyokwisha kukauka, na hayo ndiyo ninayopendelea kwa sababu hakuna mti unaokatwa kwa ajili yangu. Vifuu vya nazi vina moto mkali sana, changanya viwili vitatu na kuni, usijaze mdomo mzima. Usichome nguzo au mbao zilizotiwa dawa ya mchwa, nyingi zina aseniki na moshi wake pamoja na majivu ni sumu. Mbao zenye rangi, plaiwudi na ubao wa gundi uache. Mikoko ni hifadhi ya misitu kisheria, usinunue hata ikiletwa mlangoni. Kuni za msituni zinazoingia mjini zinatakiwa kuwa na kibali cha TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, muulize muuzaji. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi imeumia vya kutosha.

Kuwasha

Kabla ya kiberiti, panda ukaangalie kindoo: kina maji? Boya linacheza? Kila siku, bila kubahatisha. Mgao wa maji ukikausha simtanki, boila bado lina maji yake, lakini tenki lisipoingiziwa maji mapya usiendelee kuliwasha.

Weka vipande vyembamba na makumbi ya nazi ndani kabisa, karibu na chumba cha moto, washa, acha hewa wazi kabisa. Dakika tano hadi kumi utaona moshi. Matofali yakishika moto utasikia mngurumo mdogo na moshi juu ya dohani unapotea, inabaki hewa inayotetemeka. Usipopotea baada ya robo saa, ama kuni ni mbichi, ama umejaza mdomo mpaka hewa haipiti. Matone ya maji yakidondoka kwenye mabomba dakika za mwanzo ni jasho la moshi kwenye chuma cha baridi. Yakiendelea boila likiwa na nyuzi 60, hapo linavuja.

Kuni tatu au nne kwa wakati mmoja zinatosha, ukizisukuma ndani kadiri zinavyoliwa. Usizibe hewa ili moto ulale mpaka asubuhi. Moto uliokabwa unatengeneza lami kwenye dohani, na siku lami hiyo ikishika moto, dohani itakuwa nyekundu. Washa moto mkali, mfupi, umalize. Tenki lililofungwa vizuri kwa sufi ya mawe litakutunzia joto mpaka kesho yake.

Kipimajoto kikifika nyuzi 80 acha kuongeza kuni. Ukisikia kugongagonga ndani ya pipa, maji yanachemka: toa kuni zilizobaki kwa koleo, fungua koki za maji ya moto bafuni ili tenki lipoe, na subiri. Usimwage maji juu ya boila. Na likitokea limekauka huku moto unawaka, usiliongezee maji kwa hali yoyote, maana maji yakigusa chuma chekundu yanageuka mvuke papo hapo. Toa moto, ondoa watu, liache lipoe kabisa. Ndoo ya mchanga ikae pale daima, na namba ya Zimamoto ni 114.

Maji ya nyuzi 60 yanamuunguza mtu mzima kwa sekunde chache, mtoto mapema zaidi. Sheria ya nyumbani iwe moja: maji ya baridi yanatangulia kwenye ndoo, ya moto yanafuata. Mwambie dada wa kazi, mwambie mgeni, mwambie na baba mkwe.

Matunzo

Kila wiki toa majivu. Kila baada ya wiki mbili, boila likiwa baridi, fungua kofia na pitisha brashi ya waya kwenye mabomba yote tisa, kwa sababu masizi ya milimita chache tayari yanazuia joto. Masizi makavu ya kijivu yanaonyesha unawasha vizuri. Yakiwa meusi ya kung'aa na yananata, rudi kwenye rundo lako la kuni. Mara moja kwa mwezi nyanyua mkono wa valvu ya usalama kidogo iteme maji, uhakikishe haijaganda. Kila mwaka, kabla ya masika, gonga dohani yote kwa bisibisi, hasa kama unakaa karibu na bahari. Pale inapobonyea, badilisha kipande chote.

Siku ikifika bomba moja la ndani litatoboka: utaona maji yanashuka kwenye chumba cha moto na moto unalia kama kikaango. Mwaga maji, fungua kofia, fundi alizibe bomba hilo juu na chini kwa kisahani cha chuma kilichochomelewa, alipime tena boila kwa baa 4.5. Mabomba manane yatafanya kazi, polepole kidogo. Yakishazibwa matatu, agiza pipa jipya. Chumba cha matofali, tenki na mabomba ya nje havihitaji kuguswa.